Ile ngozi ya nyati siyo mapambo, mhariri

Mhariri,

Kwanza hongereni kwa ule ukurasa wa dunia, sisi wengine gazeti tunanunua kwa ajili yake, kurasa za mpira tunawaachia vijana. Lakini toleo la Jumamosi mmenikera. Mmeweka picha nzuri kabisa ya ngozi ya nyati yenye vichoro vidogovidogo vinavyoanzia katikati na kuzunguka kwenda nje, halafu chini yake mkaandika "mapambo ya asili ya Wahindi Wekundu", basi, mkamaliza. Na ndani ya makala mwandishi wenu akasema Wasioux hawakuwa na maandishi wala kumbukumbu za kihistoria mpaka wazungu walipofika. Hapo ndo nikashindwa kunyamaza, maana hiyo ngozi mliyoiweka ndo kumbukumbu yenyewe, yaani mmechapisha historia ya watu ukurasa mzima na pembeni yake mkaandika kwamba watu hao hawana historia!

Mimi ni mwalimu mstaafu, somo langu lilikuwa historia, na jambo hili nimelifuatilia kwa muda kwenye simu ya mwanangu, kwa hiyo naomba nafasi kidogo.

Hao tunaowaita Sioux ni mataifa ya ndugu, Walakota, Wadakota, Wayankton na Wayanktonai, wanaishi kwenye nyika za katikati ya Marekani, siku hizi wengi wako majimbo ya Dakota Kusini na Kaskazini, na wengine Minnesota na Nebraska. Mwaka wao ulikuwa unaanza theluji ya kwanza inapodondoka mpaka theluji ya kwanza nyingine, ndo maana ukisoma vitabu unakuta mwaka wao unaandikwa 1833-34, unakula vipande vya miaka yetu miwili. Sasa kila mwaka ukiisha wazee wa kundi wanakaa na mtunza kalenda wanajadiliana, jamani mwaka huu tuuite nini, wanachagua tukio moja, moja tu, na yule mtunza kalenda analichora. Kuanzia hapo mwaka ule una jina na una picha. Kwa Kilakota inaitwa waniyetu wowapi. Wala sisi hatupaswi kushangaa sana, bibi yangu alikuwa anasema kazaliwa mwaka wa nzige na hakuna aliyemwambia kwamba hana tarehe ya kuzaliwa. Tofauti ni kwamba wenzetu waliichora miaka yote, mmoja baada ya mwingine bila kuruka, na kazi hiyo wakampa mtu maalumu.

Ile mliyoichapisha, kama macho yangu hayanidanganyi, ni ya mtindo wa kalenda ya Lone Dog, huyu alikuwa Myanktonai, na kalenda yake inaanza 1800-01 inaishia 1870-71. Picha 71. Nawaomba mwichukue tena ile picha muivute kwenye kompyuta, muanzie katikati kabisa, nitawapitisha kidogo.

Ya kwanza kabisa ni vijistari vyeusi 30 vimepangwa kwa safu tatu. Ukiangalia haraka unaweza kusema ni urembo wa pembeni, kumbe ni Wadakota 30 waliouawa na Wakrow, maadui zao wa siku zote. Mwaka unaofuata ni mtu mwenye madoa mekundu mwili mzima: ndui. Unaofuata ni kile chuma cha kwato za farasi, hapo walikuwa wameiba farasi waliovalishwa chuma miguuni, na chuma cha namna hiyo kilikuwa cha wazungu. Yaani ndani ya picha tatu tu umeshapata vita, ugonjwa na habari kwamba mzungu hayuko mbali. Mbele kidogo, 1813-14, kuna mtu ametokwa na mistari mdomoni inatawanyika, ni kifaduro, hebu wewe niambie ungekichoraje kikohozi kwa mistari michache kuliko hiyo! Halafu 1818-19 madoa tena, safari hii surua. Na 1817-18 kuna nyumba ya mzungu na pembeni yake mti uliokauka, maana mfanyabiashara mmoja wa Kanada aitwaye La Framboise alijenga duka lake kwa mbao kavu, na huo ukavu walitaka ukumbukwe sijui kwa nini, lakini waliona unafaa na mchoraji akapata namna ya kuuonyesha. 1825-26 ni vichwa vya watu majini. Barafu ya mto Missouri ilipasuka, maji yakajaa, watu waliokuwa wamepiga kambi bondeni wakazama.

Mimi napenda zaidi ile ya 1861-62. Ni hema na alama za kwato karibu yake, nyati mwaka huo walikuwa wengi mpaka nyayo zao zinafika kwenye mahema. Lakini angalia kwato zenyewe, zimepasuka katikati, kwa sababu miaka kumi na kitu nyuma, 1849-50, kuna picha nyingine ya nyayo kuzunguka kijiji na zile hazijapasuka, ni za farasi, Wakrow waliiba kundi kubwa la farasi kijijini hapo. Mchoraji hakutaka mtu achanganye nyati na farasi. Sasa mtu anayehangaika na kwato kiasi hicho mnamwita mpamba ngozi?

Najua mtaniuliza, tutajuaje kwamba mwaka fulani wa kwenye ngozi ndo mwaka fulani wa kwetu. Swali zuri, na jibu lake ni tamu. Usiku wa tarehe 12 kuamkia 13 Novemba 1833 vimondo vilidondoka kwa wingi ajabu juu ya Amerika Kaskazini, watu wa mijini waliamka wakidhani ni kiama, magazeti yakaandika, wataalamu wa nyota wakaandika. Na huku kwenye nyika karibu kila mtunza kalenda wa Kisioux, wanaokaa mbali mbali na kila mmoja na kundi lake, akauita mwaka ule mwaka nyota zilipodondoka. Kwa Lone Dog mwezi umechorwa mweusi na nyota nyekundu. Kwa hiyo ukishaipata picha hiyo kwenye kalenda yoyote unahesabu kwenda mbele na kurudi nyuma, na ukitaka kuhakikisha unatafuta kupatwa kwa jua kwa tarehe 7 Agosti 1869, na kweli unaikuta pale Lone Dog kachora jua jeusi na nyota. Kati ya vimondo na jua lile ni miaka 36, unahesabu picha zinakuja 36, haijapungua wala kuzidi hata moja. Mimi nimefundisha wanafunzi wa kidato cha nne wenye vitabu mkononi na wanakosea vita vya kwanza na vya pili.

Kuna ndugu mmoja tulibishana naye kuhusu hii akasema sawa mwalimu, lakini picha moja kwa mwaka siyo historia, hiyo ni orodha tu, haina sababu haina matokeo. Nikamwambia basi tuwafute na Wazungu wa zamani pia. Watawa wa St. Gall kule Uswisi walikuwa na kumbukumbu zao za karne ya 8, za Kilatini, ukizisoma unakuta mwaka 709 wameandika baridi kali na kwamba mtawala Gottfried amekufa, 710 mwaka mgumu na mazao haba, 712 mafuriko kila mahali, na miaka mingine nafasi imeachwa tupu kabisa hakuna neno. Huo mwaka 732 wa vita vya Poitiers, vita maarufu vya kule Ufaransa, umepewa sentensi moja fupi tu. Na hayo yanahifadhiwa yanasomwa kama chanzo cha historia na maprofesa wakubwa, hakuna aliyeyaita mapambo. Sasa ukiweka "712 mafuriko kila mahali" upande huu na vile vichwa majini vya Lone Dog upande wa pili, tofauti ni ipi zaidi ya wino na rangi?

Halafu kitu ambacho wengi hawakijui ni kwamba picha peke yake haikuwa habari nzima. Picha ni ya kumkumbusha yule mtunzaji, yeye ndo mwenye maneno. Jioni za baridi watu wamekaa ndani ya hema anaitandaza ngozi anaanza kuhadithia, mwaka huu ilikuwa hivi na hivi, nani alikuwepo, farasi alikuwa wa nani, na mtu anayetaka kujua umri wake anatajiwa jina la mwaka aliozaliwa wanahesabu kuanzia hapo. Kazi hii ilirithishwa, mara nyingi ndani ya familia. American Horse wa Oglala, kundi mojawapo la Walakota, alieleza kwamba yake ilianzishwa na babu yake, ikaendelezwa na baba yake, kisha yeye mwenyewe, na inaanzia 1775-76, mwaka ambao anasema mzee mmoja aitwaye Standing Bull alifika kwenye milima ya Black Hills na kurudi nyumbani na mti wa msonobari wa aina ambayo hakuwahi kuiona. Ngozi ikichakaa wanainakili kwenye nyingine, baadaye nyati walipokwisha wakahamia kwenye kitambaa cha pamba, merikani ileile waliyokuwa wakiuziwa wazee wetu pwani, na madaftari. Kwa hiyo msije mkatafuta ngozi ya mwaka 1775 mkisema mbona haipo, kinachohesabika ni mfululizo siyo kipande cha ngozi.

Hata hivyo sitaki kuwafanya malaika. Mtunza kalenda alikuwa na kundi lake na watu wake, alichoona kikubwa siyo lazima kiwe kikubwa kwetu. Mfano unaonisumbua ni mwaka 1837. Mwaka ule ndui ilipanda na meli ya mvuke mto Missouri ikawamaliza Wamandan, taifa jirani, karibu wote, ni moja ya misiba mikubwa kabisa ya nyika zile. Ukifungua kwa Lone Dog 1837-38 unakuta elki, wale kulungu wakubwa wenye pembe za matawi, uwindaji ulifana inasemekana waliua 100. Ndo hivyo tu. Kuna atakayesema ameficha, mimi nadhani alichora kilichowagusa watu wake, na mwanahistoria makini hapo ndo anapopata kazi, anachukua kalenda ya kundi hili na ya kundi lile anaziweka pamoja anaona nani alisema nini na nani alinyamaza. Mfano mwingine 1855-56. Lone Dog kamchora Jenerali Harney akifanya amani na Wadakota. Ni kweli amani ilifanyika. Lakini miezi michache kabla yake, Septemba 1855, askari wa huyohuyo Harney walishambulia kijiji cha Walakota pale Blue Water huko Nebraska wakaua watu wengi wakiwemo wanawake na watoto. Ukiwa na picha moja tu ya watu kupeana mikono, hilo hulioni.

Na waliotuletea kalenda hizi ni nani? Wanajeshi. Garrick Mallery alikuwa afisa wa jeshi la Marekani, aliletewa nakala ya kalenda ya Lone Dog iliyochorwa kwenye kitambaa akiwa kwenye kituo cha jeshi cha Fort Rice mwaka 1876, na 1877 akaichapisha. Daktari wa jeshi, William Corbusier, alikusanya nyingine kadhaa miaka ya 1879 na 1880 kwa wazee kama American Horse na Cloud Shield. Fikiria huo mwaka 1876 wenyewe, mwezi Juni Walakota na Wacheyenne wamemuua Custer, kamanda wa jeshi la Marekani, na askari wake pale Little Bighorn, jeshi linawasaka kila kona, na katika jeshi hilohilo kuna afisa amekaa na kitambaa mezani anauliza hii nyota nyekundu maana yake nini. Namshukuru kwa kuuliza, angalau yeye aliuliza, lakini nasoma maelezo yake nikijua alikuwa upande gani.

Nikitaja Little Bighorn lazima nimtaje Red Horse. Huyu ni Mminneconjou, kundi jingine la Walakota, alipigana siku ile, na mwaka 1881 kwenye kituo cha wakala wa serikali cha Cheyenne River alieleza vita nzima kwa lugha ya ishara mbele ya daktari Charles McChesney, halafu akachora. Michoro 42 kwenye makaratasi makubwa kwa penseli za rangi. Amechora kijiji na mahema yake, askari wanakuja wamejipanga kwa safu, Walakota wanawakabili, halafu kuna karatasi za maiti tu, askari waliokatwakatwa, farasi waliokufa, na wa kwao pia waliokufa kawachora, hakuwaacha. Hakuna sherehe ndani yake. Farasi wamepakwa rangi moja moja, huyu mwekundu huyu wa bluu, kwato zao zimeinuliwa, na kila askari kofia yake. Wazungu wakati huo walikuwa wanachora picha za Custer kasimama kilimani na upanga na nywele zake ndefu, wachoraji ambao hawakukanyaga pale, na picha zile ndo zilitundikwa mabaa mpaka zikawa ukweli. Michoro ya mtu aliyekuwepo ikakaa kwenye makabati ya makumbusho ya Smithsonian huko Washington. Niambieni hapo nani alikuwa anapamba.

Kuhusu urembo, haki itendeke, kulikuwa na ngozi za urembo kweli. Kazi zilikuwa zimegawanywa, wanawake walichora maumbo, miraba, pembetatu, mipaka iliyopangwa vizuri sana, wanaume ndo walichora watu na wanyama na matukio. Na shujaa aliyechora matendo yake kwenye vazi lake hakuwa huru kujitungia, maana analivaa mbele ya wenzake waliokuwa naye vitani, akiongeza farasi mmoja wa uongo atachekwa kambi nzima. Nadhani mwandishi wenu alisoma mahali kuhusu ngozi za miraba akafikiri ngozi zote ni hizo. Ila kwenye ile mliyoichapisha kuna watu, kuna farasi, kuna bomba la kiko, kuna mahema, na mtu akiwa na mstari umetoka kichwani kwenda kwenye kimchoro kidogo juu yake, hilo ni jina lake.

Niongezee moja tu kabla hamjanikata. Kuna Amos Bad Heart Bull, Moglala, alikuwa mtoto mdogo wakati wa Custer, baba yake alikuwa mtunza historia na ndugu wa baba yake walipigana. Alipokuwa mtu mzima akanunua daftari kubwa la hesabu za duka, lililokwishatumika, kwa muuza nguo wa Crawford, Nebraska, na kuanzia karibu 1890 mpaka alipokufa 1913 akalijaza michoro zaidi ya 400, mapigano, ngoma, uwindaji, michezo, kila kitu wazee walichomsimulia. Daftari likabaki kwa dada yake, Dolly Pretty Cloud. Miaka ya 1920 mwanafunzi wa chuo kikuu cha Nebraska, Helen Blish, alikuwa akienda kwake kulikodisha na kulisoma, na kurasa zikapigwa picha. Mwaka 1947 dada mtu alipofariki daftari likazikwa naye. Kitabu kilichotoka 1967 kimetengenezwa kutokana na zile picha, asili yake iko chini ya ardhi. Najua wako watakaosema hasara gani hiyo, kwa nini wasilipeleke makumbusho, na kiukweli mwalimu ndani yangu aliumia niliposoma. Lakini daftari lilikuwa lake na kaka yake, na wakati huo wa 1947 makumbusho zilizojaa vitu vya Walakota sidhani kama zilikuwa na Mlakota wa kuvieleza.

Kwa hiyo ombi langu siyo mwombe radhi ukurasa wa mbele, sina haja hiyo. Naomba ile picha mwirudishe kwenye toleo lijalo, kubwa ya kusomeka, mkiweka namba kwenye michoro kumi tu na chini mueleze kila namba ni mwaka gani na kilitokea nini. Smithsonian wameziweka kalenda kadhaa kwenye intaneti na maelezo yake, bure, hata kijana wa mazoezi hapo ofisini kwenu anaweza kuifanya mchana mmoja. Na mkipata nafasi muweke ya 1833-34 kutoka kwa watunzaji watatu tofauti, pembeni kwa pembeni, Lone Dog, American Horse na Battiste Good, kila mmoja na nyota zake, wasomaji wajionee wenyewe. Namba ya mchoro wa kifaduro msiiache, wajukuu zangu wanaisubiri.

Mwalimu mstaafu,
Tanga